Nyayo za Kompyuta ya Mtumba

Niliambiwa kwamba kila kompyuta ya mtumba inayouzwa Tarime ina mwenyewe Ulaya. Siku utakapoiunganisha na intaneti ikakubali apdeti, yule mwenyewe ataiona kwenye kioo chake huko aliko, atafuata nyayo zake mpaka mlangoni kwako, na ataichukua. Niliamini. Sikuamini nusunusu, kama mtu anavyoamini taarifa ya hali ya hewa. Niliamini kwa miaka saba, kwa moyo wote, na cheti cha kidato cha nne kikiwa kwenye fremu ukutani juu ya hiyo hiyo kompyuta.

Aliyeniambia nilikuwa nasoma naye darasa la jioni pale Bomani. Tulikuwa watu wazima tuliobanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Mimi nikikaa, magoti yalikuwa yanagusa masikio. Yeye mchana alikuwa akipakua mizigo Sirari, mpakani, na kwa sababu hiyo tulimhesabu kuwa mtu aliyeona dunia. Alikuwa anaongea Kiswahili cha ng'ambo ya pili, cha Kenya.

"Buda, hizo mashine ziko na wenyewe," aliniambia siku niliyojisifu kwamba nimenunua kompyuta. "Hiyo kitu wanaita apdeti, hapo ndipo mashine inapiga ripoti nyumbani. Inasema, niko Nyarero, kwa jamaa fulani, karibu na kisima."

"Mpaka kisima?"

"Kisima, choo, zizi. Yote inaona. Unashangaa asubuhi kioo ni nyeusi tii. Imeenda hiyo."

Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka kama maharage. Lakini naomba mnielewe kwa nini mtu mwenye akili zake, tena mhitimu, alimeza habari ile bila maji. Kwetu ng'ombe akiibiwa, hakuna anayekaa kuandika barua. Yowe linapigwa, watu wanatoka na kufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, kijiji kile kizima ndicho kinachojibu, mpaka kionyeshe zilipotokea upande wa pili. Kikishindwa kuonyesha, kinalipa. Nimekulia kwenye utaratibu huo. Nilipoambiwa mashine inaacha nyayo na mwenyewe anazifuata, sikuona ajabu yoyote. Niliona dunia nzima, mpaka Ulaya, inaendeshwa kama Nyarero. Na hofu yangu haikuwa ya kunyang'anywa tu. Niliona nyayo zikiingia kijijini, wazee wakiitwa barazani, na wote wakinigeukia mimi: haya, onyesha zilipotokea.

Kwa hiyo nikafanya kama anavyofanya mtu mwenye ng'ombe wa mashaka. Ubavuni mwa sipiyu, lile boksi lenyewe, palikuwa na stika ndogo yenye mistari na namba nyingi. Niliitazama nikaona chapa ya moto kwenye paja la ng'ombe. Nikachukua msasa, nikaikwangua mpaka bati likang'aa. Kisha nikayeyusha mshumaa nikaziba tundu la waya wa intaneti. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Unaifanyia zindiko?"

"Naikinga vumbi."

"Vumbi linaingia tundu moja tu?"

Nikamwambia mambo ya kompyuta yana masomo yake. Akaenda zake jikoni, na nadhani hapo ndipo heshima yangu ilipoanza kupungua.

Msidhani nilikuwa mjinga wa kompyuta. Hapana, ndicho kinachoniuma. Nilikuwa mpenzi wa kompyuta kuliko wote kati ya Nyarero na Ziwa, na pengine ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa naifungua mashine ile kila Jumapili baada ya kanisa, napuliza vumbi, nafuta kila kipande kwa kitambaa cha miwani, nairudisha. Nilijua sauti ya feni yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Mifumo nimeipitia. Nilianza na ule mfumo wa zamani uliokuja nao, wenye picha ya majani ya kijani. Nikajaribu mfumo wa bure uliokuwa kwenye sidii niliyopewa na mwalimu mmoja; huo ulinionyesha kioo cheusi chenye maandishi meupe na kamstari kanachopepesa, kakiningoja niseme kitu. Sikujua niseme nini. Tulitazamana siku mbili, mimi na kamstari, nikashindwa mimi. Nikarudi kwenye majani ya kijani nikiomba radhi.

Na kila siku, kila siku ya Mungu, kidirisha kile kilitokea kwenye kona: apdeti iko tayari, uifanye sasa au baadaye? Yaani mashine haina intaneti, tundu limezibwa kwa nta, na bado inauliza! Niliona ni ng'ombe anayelia kwao. Nikabonyeza baadaye. Nimebonyeza baadaye mara nyingi mpaka kile kitufe cha mausi kikapata shimo la kidole changu. Hivi hao wanaotengeneza vitu hivi hawajui neno "hapana"? Mtu mzima unapewa sasa na baadaye tu, kama mgonjwa anayeulizwa apigwe sindano mkono upi.

Sasa niwaambie mashine ile ilikuwa na nini ndani.

Mama yangu alikuwa hazina ya maneno. Simsifu kwa sababu ni mama. Hata wazee waliobishana juu ya neno la zamani walikuwa wanamjia. Zaidi ya yote alijua rangi za ng'ombe. Mtu wa mbali anafikiri ng'ombe ni mweusi, mweupe au mwekundu, basi. Kwetu mweusi mwenye bega jeupe ana jina lake, mweusi mwenye tumbo jeupe ana lake, wa rangi ya majivu aliyenyunyiziwa madoa ana lake, na yule mwenye mstari mgongoni kuanzia pembe mpaka mkia ana lake, na ukikosea unachekwa mpaka utoke jasho. Vijana wetu sasa wanasema "ile kahawia ile". Mama akisikia hivyo alikuwa anafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

Kwa hiyo niliandika. Mchana, baada ya kazi za shamba, yeye anakaa nje kwenye kigoda chini ya dirisha, mimi niko ndani na kibodi. Anasema neno la Kikurya, natafuta Kiswahili chake, namsomea, anasahihisha. Miaka yote hiyo. Maneno ya jikoni, ya mazizini, ya magonjwa, ya matusi (hayo alinitajia akicheka amejifunika kanga mdomoni), na rangi za ng'ombe sitini na tatu. Sitini na tatu! Nilikuwa natamba kijijini kwamba nina kamusi nene kama tofali, wakati ilikuwa faili moja ndani ya sipiyu.

Halafu mama akaanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, chumvi mara mbili kwenye mboga. Kisha akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Lakini nikagundua jambo moja: nikimsomea ile orodha, anarudi. Nasoma neno, anainua kichwa. Nasoma la pili, anasema, "Si hivyo, vuta mwisho." Likifika la kumi tunaongea kama zamani, ananiuliza habari za mahindi, ananisengenyea majirani, na ananiita jina langu. Orodha ile ndiyo ilikuwa njia ya kumfikia. Daktari wa hospitali alisema tumzungumzishe vitu anavyovipenda. Sikuwa na kitu kingine anachokipenda cha kuzidi hicho.

Basi nikasema niichapishe kwenye karatasi, ikae salama, hata umeme ukikatika nisome. Nikanunua printa. Mpya, kwenye boksi, na plastiki yake. Nikaichomeka. Kompyuta ikaitazama printa kama mkwe anayemwona mkwe mwenziwe asiyempenda. Mfumo wako ni wa zamani, ikaandika. Printa hii haiutambui.

Hapo nilipandwa na hasira nikatoka nje kutembea. Printa haina hata meno, haijui kusoma, kazi yake ni kutema wino, na yenyewe inachagua mfumo wa kufanya nao kazi!

Mtu atauliza: kwa nini usiweke faili kwenye flashi ukachapishe kwenye duka la stationery pale Bomani? Nitajibu, na mnicheke mmalize. Niliona flashi ni ndama. Ukimtoa ndama zizini ukampeleka penye intaneti, yeye anajua njia ya kurudi kwa mama yake, na wanaomfuata watafika naye. Flashi ya mtu kuingia kwenye mashine yangu ilikuwa ruksa. Kutoka, marufuku. Ndivyo nilivyoishi, nikiwa na cheti ukutani.

Nikabeba sipiyu kwa bodaboda mpaka kwa fundi mmoja Bomani. Niliipakata mapajani njia nzima, nimeivalisha kanga ya mke wangu, na kila shimo la barabara nililisikia kwenye figo. Fundi aliitazama huku akimenya muwa.

"Mura, hii umeifukua wapi?"

"Iheshimu. Hii ina elimu kuliko wewe."

"Ina umri kuliko mimi, hilo nakubali." Akaiwasha. Ilichukua muda wake wa kawaida kuwaka, yaani ungeweza kupanda mtama, ukafukuza ndege, ukavuna. Akamaliza muwa mmoja akaanza wa pili. "Mfumo huu walioutengeneza walishauacha, mzee. Hauna ulinzi. Tukupigie windo mpya."

Kupiga windo ndiyo kuweka mfumo mwingine. Nikamwambia sawa, ila kwa sharti: intaneti isiguse.

"Kwa nini?"

"Sharti ni sharti."

Akanitazama, akaangalia lile tundu lenye nta, akatabasamu peke yake. Kisha akaigeuza sipiyu ubavuni.

"Stika ya leseni iko wapi? Pale kulikuwa na namba. Nikiwa na ile namba naupandisha mfumo mpya juu ya huu wa zamani, vitu vyako vinabaki vilivyo. Nani ameikwangua?"

Nikaona aibu. "Panya."

"Panya wa Nyarero wana msasa?"

Watu wawili waliokuwa wakingojea simu zao wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kucheka, na laiti ningelia.

"Basi itabidi tufute tuanze upya," akasema. "Bakapu unayo?"

"Ninazo tatu."

"Safi," akasema, akabonyeza.

Sikilizeni vizuri. Nilikuwa nazo tatu kweli. Moja ilikuwa kwenye uso wa kompyuta, pale unapoiona ukiwasha tu. Ya pili ilikuwa kwenye folda niliyoiita Mama. Ya tatu nilikuwa nimeificha kwenye folda niliyoiita Usiguse. Nililala usingizi mzuri kwa miaka kwa sababu ya zile nakala tatu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zote tatu ziko kwenye diski moja, na diski ikifutwa, Usiguse inaguswa kama nyingine.

Alipomaliza, kioo kilikuwa cha buluu safi, kizuri, kitupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Nikamwambia fungua folda ya Mama. Akasema ipi? Nikamwambia basi ile ya Usiguse. Akaacha kutafuna muwa.

"Mzee, bakapu zako ziko kwenye flashi, si ndiyo?"

"Ziko humu."

"Humu wapi?"

"Humu! Humu ndani! Sasa zikae wapi, mfukoni?"

Nilimwambia maneno mengi fundi yule. Mengine nilikuwa nimefundishwa na mama kwa ajili ya kamusi, kwa hiyo hayakupotea bure. Nilimwambia mtu anayefuta kitu cha mtu bila kuuliza nakala yake iko wapi anastahili kuoa kwenye ukoo wa wachawi. Nilimwambia windo yake akaipige ukutani. Yeye aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa utulivu jambo ambalo lingeniokoa: vitu vilivyofutwa havijaondoka kabisa, vipo chini, ila mashine imesahau mahali vilipo. Kuna programu ya kuvifufua. Inashushwa mtandaoni na inajisajili humo humo kwenye mashine. "Tutoe nta yako, tuunganishe, tuone. Na kabla ya hapo usiitumie hata kidogo, ukiandika kitu kipya kinakaa juu ya cha zamani."

Intaneti. Kwenye mashine ile. Nikaona kijiji kizima barazani.

Nikabeba sipiyu yangu nikaondoka. Njiani nilikuwa nimeshajishawishi kwamba fundi ananitega: kwanza anafuta, kisha anataka kuiunganisha ili mwenyewe aione, labda wana ubia. Mtu akishaamini jambo la kijinga, mambo mengine yote yanajipanga nyuma yake mstari kama askari.

Mchana uliofuata mama alikuwa kwenye kigoda chake chini ya dirisha.

"Soma," akasema.

"Umeme umekatika, mama."

Akageuza shingo taratibu akaitazama taa ya barazani. Ilikuwa inawaka. Tulikuwa tumesahau kuizima tangu asubuhi. Kisha akanitazama mimi. Huyo mwanamke aliyekuwa hakumbuki alichokula alikumbuka vizuri kabisa uongo unavyofanana.

Basi nikaona nifanye kazi. Nikaketi, nikafungua ukurasa mpya kwenye mfumo mpya, nikaanza kuandika upya nilichokumbuka, huku nikimuuliza yeye. Wiki tatu. Nilichapa kama mtu anayezima moto. Ninayoyakumbuka mimi yalikuwa machache, na yeye bila kusomewa hakurudi. Alinijibu neno moja kati ya kumi, kisha moja kati ya ishirini. Siku nyingine alikaa tu akikunja pindo la kanga. Nikimuuliza jina la ng'ombe wa majivu mwenye madoa, ananiambia, "Muulize dada yako." Sina dada.

Nikawa mkali kwa kila mtu. Nilimfokea mke wangu kwa chai, nikamfokea mbuzi kwa sababu ya kuwa mbuzi. Mfumo mpya nao ulinichokoza: kila kitu kimehamishwa, kitufe cha kuzimia kimefichwa, na mashine yenyewe imekuwa nzito kama mzee aliyevalishwa koti la mvua juu ya koti la baridi. Na kidirisha? Kipo! Kimebadilisha nguo tu: apdeti iko tayari, sasa au baadaye? Nilikipiga kioo kofi. Mkono uliuma siku mbili.

Siku ya ishirini na moja mke wangu alisema, "Dada yangu anafundisha kompyuta Machochwe. Au na yeye ana ubia na wazungu wako?"

Sikuwahi kumwambia habari ya wazungu. Kumbe nilikuwa naongea usingizini.

Kutoka Nyarero mpaka Machochwe unavuka Mto Mara kisha unaingia upande wa Serengeti, karibu na hifadhi, mahali ambapo watu wanalinda mahindi dhidi ya tembo kwa kupiga madebe. Nilifika asubuhi nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, kiasi kwamba ungenipanda viazi. Shemeji yangu anafundisha sekondari, na ni mtani wangu wa halali, kwa hiyo hakunisalimia kama watu.

"Karibu, profesa. Umeniletea maiti?"

"Nimekuletea mgonjwa. Acha utani leo."

Aliniona uso akaacha. Nikamweleza: orodha, mama, fundi, nakala tatu. Sikumweleza habari ya nyayo, niliona haya. Akauliza swali moja tu.

"Tangu ifutwe umeitumia?"

"Nimeandika kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wiki tatu."

Alichukua kipini cha nywele, akachokonoa nta kwenye tundu, ikatoka yote kama kizibo. Akaunganisha na intaneti ya ofisi yao, akashusha programu, akaiwasha. Nilikuwa natazama mlango. Sijui nilitegemea nani aingie. Mzungu amevaa kaptula, ameshika fimbo, ameinama akikagua ardhi. Aliingia mlinzi wa shule akaomba chaja.

Programu ilitafuta tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mstari ulikuwa unajaa kidogo kidogo, na shemeji alikuwa akienda darasani na kurudi. Mimi sikutoka. Sikula. Nilimwambia Mungu mambo ambayo bado sijayatimiza.

Ikaanza kutoa vipande. Maneno ya jikoni yalirudi karibu yote. Ya magonjwa, nusu. Matusi yalirudi kamili, hata moja halikupotea, sijui kwa nini. Rangi za ng'ombe, kati ya sitini na tatu, zilirudi kumi na tisa. Nyingine ziligeuka vijisanduku na alama za maswali, na katikati ya vijisanduku hivyo zilikuwemo sentensi zangu za wiki zile tatu, zimekaa juu yake. Nilizisoma. Zilikuwa maneno yangu mwenyewe, haya ya kawaida, "ng'ombe mwenye madoa, jina sijui", "ng'ombe wa majivu, jina kumuuliza mama". Nilikuwa nimefunika majina kwa kuandika kwamba siyajui.

Niliomba simu ya shemeji, yangu ilikuwa imezima chaji. Nikampigia mke wangu nikamwambia apeleke simu kwenye sikio la mama. Nikasoma rangi ya kwanza. Kimya. Nikasoma ya pili. Nikasikia kuku wa nyumbani kwetu, na pumzi yake. Nikasoma ya tatu.

"Vuta mwisho," mama akasema.

Nikavuta mwisho. Nikaendelea mpaka ya kumi na tisa, polepole, kwa sababu nilijua baada ya hapo sina kitu. Ya kumi na tano akaniita jina langu, akauliza niko wapi, mbona sauti inatoka mbali. Nikamwambia niko Machochwe, kwa wakwe. Akauliza kama wamenipa chakula. Nilipofika ya kumi na tisa nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Zimeishia hapo, mama."

"Zilikuwa nyingi."

"Ndiyo."

Kisha nikamsikia akimuuliza mke wangu huyu mtu kwenye simu ni nani.

Nikamrudishia shemeji simu yake. Alikuwa anahifadhi vile vipande kwenye flashi mbili, na kwenye kompyuta ya shule, na akajitumia kwa barua pepe, vyote hivyo bila kunitazama. Alipomaliza akavuta kiti.

"Shemeji, nikuulize bila utani. Fundi alikwambia siku ile ile kwamba iunganishwe. Wiki tatu zote ulikuwa unangoja nini?"

Basi nikamwambia. Nikamweleza mtu wa Sirari, mwenyewe wa Ulaya, kisima, choo na zizi. Nikamwambia kwa nini nilikwangua stika na kwa nini niliziba tundu, kwamba niliogopa nyayo zitaingia Nyarero na kijiji kitajibu. Nilipofika kwenye flashi kuwa ndama alianza kucheka, akajishika mdomo, kisha kicheko kikamwisha kabla hajakimaliza. Aliangalia sipiyu ile na ule ubavu wake uliong'aa kwa msasa.

"Shemeji," akasema, "aliyekuwa na hii kompyuta aliiuza, akapokea hela yake, akanunua nyingine. Hajui iko wapi na hana haja ya kujua. Apdeti inatoka kwa waliotengeneza mfumo, wanarekebisha makosa yao wenyewe, basi. Hakuna mtu aliyekuwa anaifuata. Ungeiunganisha siku ile ile fundi alipoifuta, kabla hujaandika kitu, karibu yote yangerudi."